Nyongeza ya bei haikumfikia mkulima: kisa cha sabuni ya mawese kati ya Moshi na Kigoma

Kuhusu kisa hiki

Kikundi kinachozungumziwa hapa kipo pembezoni mwa mji wa Moshi. Kina wanachama 19, wote wanawake, na kazi yao ni kutengeneza sabuni ya miche na sabuni ndogo za kuogea kwa mafuta ya mawese. Nilikuwa nikiwasaidia vitabu vya hesabu, hivyo risiti zilipita mikononi mwangu na vikao vingi vilivyozaa maamuzi haya nilikuwamo. Majina ya watu, kikundi, kijiji na hoteli nimeyaondoa. Bei nazitaja kwa sehemu badala ya shilingi, na baadhi ya maelezo madogo nimeyabadilisha ili wahusika wasitambulike.

Ninakiandika kwa ajili ya vikundi vya usindikaji na wanunuzi wanaosema wanataka kununua mawese kwa haki. Karibu wote huanza na swali moja, tumwongezee mkulima kiasi gani? Kikundi hiki nacho kilianzia hapo, na msimu mzima ulipita kabla hakijagundua kwamba fedha iliyoongezwa haimfikii aliyekusudiwa.

Usuli

Asili ya mchikichi ni Afrika Magharibi, lakini leo Indonesia na Malaysia ndizo zinazotoa zaidi ya asilimia 80 ya mawese yote duniani. Sifa mbaya ya mafuta haya imetoka huko, kwenye misitu ya mvua iliyofyekwa na ardhi ya mboji iliyokaushwa na kuchomwa ili kupisha mashamba makubwa. Tanzania haizalishi mafuta ya kula ya kujitosheleza, na pengo hilo huzibwa kwa kiasi kikubwa na mawese kutoka Asia.

Mawese ya nyumbani kwetu ni ya Kigoma zaidi kuliko mkoa mwingine wowote. Wakulima wengi wa huko ni wadogo, na michikichi yao mingi ni ya zamani, aina ya dura, yenye kokwa la ganda nene na nyama kidogo. Tangu 2018 serikali imelisukuma zao hili kwa nguvu, Waziri Mkuu wa wakati huo Kassim Majaliwa akilisimamia mwenyewe, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga huzalisha miche ya tenera, chotara wa dura na pisifera, yenye ganda jembamba na mafuta mengi zaidi.

Kikundi chetu kilikuwa kikinunua mafuta kwa madumu katika soko la Mbuyuni. Wiki hii dumu lina mawese mekundu ya Kigoma, wiki ijayo lina mafuta ya manjano yaliyosafishwa kutoka nje, wiki nyingine mchanganyiko. Muuzaji aliuza alichokuwa nacho na hakuna aliyemuuliza. Sabuni za miche zilikwenda kwenye maduka ya mtaani, na sabuni ndogo zilikwenda hoteli mbili za watalii, moja Arusha na nyingine chini ya mlima. Hoteli hizo zilikuwa zikiingiza zaidi ya nusu ya mapato ya kikundi.

Swali lilitoka hoteli ya Arusha. Afisa manunuzi, kijana mwenye adabu, alimwambia mwenyekiti: "Wageni wanasoma karatasi ya sabuni, mama. Wakiona mawese wanauliza ni msitu gani umekatwa. Naomba jibu la kuwapa." Mwenyekiti hakuwa nalo. Akarudi Moshi akaitisha kikao.

Njia tatu zilizokuwa mezani

Ya kwanza ilikuwa kuachana na mawese. Alizeti ya Singida inapatikana, na mgeni wa hoteli hana shida na alizeti. Lakini sabuni ya alizeti tupu hutoka laini, hukawia kukauka na huisha upesi kwenye maji, kwa sababu mafuta hayo yana asidi chache za mafuta zile zinazogandisha. Mawese ndiyo hukipa kipande cha sabuni ugumu wake. Kuna na hoja ya ardhi, ambayo kwa maoni yangu wanaoyachukia mawese huiruka haraka mno: hekta moja ya michikichi iliyotunzwa vizuri hutoa kama tani tatu hadi nne za mafuta kwa mwaka, wakati alizeti kwa kawaida haifiki tani moja. Dunia ikihamia kwenye mafuta mengine yote, ardhi itakayohitajika itakuwa kubwa zaidi. Shamba la dura la Kigoma halifiki mavuno hayo hata kidogo, na hilo linaonyesha ni kiasi gani cha mafuta kinaweza kuongezeka pale pale mashamba yalipo, bila kugusa mti wa msituni.

Ya pili ilikuwa kununua mawese yenye cheti cha RSPO, jukwaa la kimataifa lililoanzishwa 2004 ambalo huwawekea wakulima wakubwa na wasindikaji masharti kuhusu misitu, wafanyakazi na jamii zinazowazunguka. Katibu wa kikundi aliisoma mifumo yake akakieleza kikao vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Kuna cheti kinachofuata mafuta yenyewe kutoka shambani hadi kwenye pipa. Kuna kingine kinachoruhusu mafuta ya cheti na yasiyo na cheti kuchanganywa, mradi hesabu za kilichoingia na kilichotoka zilingane. Hicho cha pili ndicho rahisi kukipata, na kwa kiwanda kikubwa kina maana yake. Lakini kisingemsaidia mwenyekiti kumjibu mgeni mafuta ya sabuni hii yametoka wapi. Isitoshe, kiwango cha chini cha kuagiza kilikuwa kikubwa kuliko mahitaji ya kikundi ya miaka kadhaa.

Ikabaki Kigoma: kununua moja kwa moja kwa wakulima, kwa bei ya juu kuliko ya soko. Wengi wa wanachama wametoka kwenye nyumba za kahawa. Mkoa wa Kilimanjaro umekuwa na chama kikuu cha ushirika cha kahawa, KNCU, tangu 1933, na habari ya mnunuzi anayelipa zaidi kwa sababu ya namna zao lilivyolimwa si ngeni kwao. Kura ilipigwa, njia ya tatu ikapita.

Msimu wa kwanza: nyongeza kwa kila dumu

Kupitia jamaa aliyeoa Kigoma, kikundi kilipata kijiji chenye umoja wa wakulima wa michikichi na mashine ndogo ya kukamulia. Makubaliano yalikuwa mepesi. Umoja utakusanya mawese ya wanachama wake, kikundi kitalipa bei ya soko la siku hiyo na juu yake sehemu moja ya tano. Fedha zitapita kwa mwenyekiti wa umoja. Mzigo utapakiwa kwenye lori linalorudi kaskazini, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja.

Mzigo wa kwanza ulikuwa mzuri. Wa pili ulikuwa na povu. Wa tatu ulikuja pungufu kwa robo, na madumu matatu yalinukia uchachu. Mwenyekiti na mweka hazina wakapanda basi kwenda kuona.

Walichokikuta kilieleza karibu kila kitu. Sehemu kubwa ya mawese waliyonunua haikuwa ya wanachama wa umoja siku ilipouzwa. Wakulima wengi walikuwa wameuza chikichi zikiwa bado mtini, miezi kadhaa kabla, kwa watu wenye fedha taslimu mjini. Wenzetu wa Kagera wenye kahawa huita biashara hii butura, na masharti yake ni yale yale kila mahali: anayetoa fedha ndiye anayetaja bei, na huitaja siku ambayo mkulima hana la kusema. Wakati wa kukamua ukifika, mafuta ni mali ya mkopeshaji. Umoja ulikuwa ukiyanunua kwake ili kutimiza mzigo wa Moshi, naye alishajua kuna mnunuzi anayelipa zaidi. Nyongeza yote ikaishia kwake.

Mzee mmoja mwenye michikichi ya kurithi aliwaambia hivi, na mweka hazina aliyaandika kwenye daftari lake neno kwa neno: "Bei yenu nzuri, wanangu. Ila inakuja wakati chikichi si zangu tena."

Maji kwenye dumu

Suala la povu, lililotokana na maji ndani ya mafuta, linastahili maelezo ya kina, kwa sababu hapo mazingira na haki vilishikana kwa namna ambayo hakuna mtu kwenye kikao cha Moshi aliyeitarajia.

Dumu la lita 20 la mawese safi lina uzito wa takriban kilo 18, na kuyageuza yote kuwa sabuni huhitaji kostiki soda kama kilo mbili na nusu. Mtengenezaji makini hupunguza kidogo, anatia kilo 2.4, ili mafuta machache yabaki kulinda ngozi. Sasa chukua dumu lenye lita mbili za maji ndani yake. Mafuta halisi yanahitaji kilo 2.3 tu. Ukitia kipimo cha siku zote, kostiki inazidi, na sabuni itakayotoka itamuunguza mtumiaji. Mizani haikuokoi, kwa kuwa maji ni mazito kuliko mafuta na dumu litaonekana limejaa haki. Kikundi kilitupa tangi moja zima la sabuni baada ya mwanachama aliyeijaribu kutoka wekundu mikononi.

Hasira ya kwanza ilikuwa kwamba wametapeliwa. Kikao kikaamua kukata bei kwa kila dumu lenye maji. Lakini waliokwenda Kigoma walirudi na habari tofauti. Pale kijijini chikichi huchemshwa kwenye mapipa, hukamuliwa, kisha mafuta huchemshwa tena mara ya mwisho ili maji yaliyobaki yapae. Kazi hiyo ni ya wanawake, na kuni hununua wenyewe. Kuni za karibu zilishaisha, zinazopatikana hutoka milimani na bei yake hupanda kila mwaka, ilhali malipo ya mkamuaji kwa dumu hayajapanda. Basi wanafupisha moto wa mwisho. Maji yaliyounguza mikono Moshi yalibaki kwenye mafuta kwa sababu kilima cha Kigoma kimeisha miti na mwanamke anayekamua halipwi za kutosha kununua kuni.

Adhabu ya kukata bei ingemwangukia yeye. Nafurahi kwamba kikao cha pili kiliifuta kabla haijatumika hata mara moja.

Mteremko uliofyekwa

Katika ziara hiyo hiyo waliona jambo jingine. Mkulima mmoja kijana, mchapakazi, alikuwa amefyeka kipande cha miombo kwenye mteremko juu ya kijito ili apande miche ya tenera. Aliwaonyesha kwa fahari. Alisikia kuna wanunuzi wa Moshi wanaolipa vizuri, akaamua kujiandaa.

Kigoma ndiko kwenye Gombe na Mahale, na sokwe wa mkoa huo hawaishi ndani ya hifadhi tu. Miombo ya vijijini ni makazi yao na njia zao pia, na ndiyo hushika udongo wa miteremko ile mikali isiingie ziwani. Kikundi kilichotoka Moshi kwenda kuepuka mawese ya msitu uliokatwa kilikuwa kimemtia moyo mtu kukata msitu. Hakuna aliyekusudia. Bei nzuri isiyo na sharti la mahali mafuta yanapotoka ina nguvu hiyo, na iko hivyo kwa kampuni kubwa na kwa akina mama 19.

Maamuzi na sababu zake

Kikao cha baada ya ziara kilichukua siku nzima. La kwanza kuamuliwa lilikuwa kuigeuza nyongeza kuwa malipo ya awali. Badala ya kuongeza sehemu ya tano siku ya mzigo, fedha ile ile itatolewa mwanzoni mwa Januari, mkulima anapohitaji sare, madaftari na michango ya shule, kwa sababu hapo ndipo chikichi nyingi huuzwa mtini. Kila mkulima atatumiwa kwenye simu yake mwenyewe. Atalipa kwa mawese, bila riba, na bei itakuwa ya siku ya kupeleka mzigo. Kipengele hiki cha mwisho ndicho kilichobishaniwa zaidi. Mweka hazina aliona ni hatari, kwa kuwa soko likipanda kikundi kitaumia. Mwenyekiti alisema wakitaja bei Januari watakuwa wamefanya kile kile wanachokilaumu, tofauti ikiwa ni upole wa sauti tu. Hoja yake ikashinda.

Pili, kikundi kitagharimia jiko la matofali lenye bomba la moshi kwenye eneo la kukamulia, lililojengwa ili lichome makapi na maganda ya kokwa, ambayo awali yalirundikwa tu pembeni. Pamoja nalo litachimbwa shimo la kutuamisha maji machafu, mbali na kijito, kwa kuwa maji ya kukamulia mawese yana mafuta na uchafu mwingi unaooza na kunyonya hewa ya majini, samaki wakafa.

Tatu, mawese yatanunuliwa tu kutoka mashamba yaliyokuwapo kabla ya 2021. Tarehe hii waliiazima. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 kuhusu bidhaa zinazotokana na ukataji misitu, inayogusa mawese na kahawa pia, imeweka mpaka wake 31 Desemba 2020. Sheria hiyo haiwahusu watu wanaouza sabuni Arusha, lakini kaya kadhaa za wanachama zilishapimiwa mashamba ya kahawa kwa simu kwa sababu yake, hivyo ujuzi ulikuwapo nyumbani. Kijana mmoja wa familia ya mwanachama alikwenda Kigoma akapita shamba kwa shamba pamoja na mjumbe wa serikali ya kijiji.

Kuhusu aliyefyeka mteremko, baadhi walitaka afukuzwe. Kikao kikaamua mafuta ya shamba lake la zamani yaendelee kununuliwa, na ya mteremko yasinunuliwe kamwe hata miti ikikua. Sababu ilikuwa ya vitendo: akifukuzwa atauza kwingine na ataendelea kufyeka, lakini akibaki ana cha kupoteza.

Mwisho, waliamua kununua na mise, yaani mafuta ya kokwa. Katika kijiji hiki mwanamke anayekamua hulipwa sehemu ya ujira wake kwa kokwa, ambazo awali aliziuza kwa bei ya kutupa. Mise hutoa povu zuri kama mafuta ya nazi, na kikundi kilikuwa kikinunua mafuta ya nazi kwa bei kubwa. Kanuni ya sabuni ilibidi ipigwe upya, maana mise hula kostiki nyingi kuliko mawese.

Fedha ya Januari itoke wapi?

Hapa mambo yangeweza kufia. Kikundi kilikuwa na akiba ya VICOBA, nayo ilitosha robo ya malipo ya awali. Nilipofungua daftari la wadaiwa, jibu lilikuwa pale. Hoteli zote mbili zilichukua sabuni kwa mali kauli na kulipa baada ya siku 60, mara nyingi 90. Fedha ya kumkomboa mkulima asiuze chikichi mtini ilikuwapo, imelala kwenye vitabu vya hoteli iliyouliza kuhusu haki.

Mwenyekiti alikwenda Arusha, na mimi nilimsindikiza na daftari. Baada ya shikamoo na marahaba, alimwambia afisa manunuzi: "Mwanangu, wageni wako wanataka mkulima wa Kigoma atendewe haki. Mkulima huyo anauza chikichi mtini kwa sababu hana fedha ya Januari. Sisi hatuna ya kumpa kwa sababu ya kwetu iko kwako tangu Septemba."

Kijana alinyamaza kidogo, akaomba muda wa kuongea na wakubwa wake. Baada ya wiki mbili hoteli ilikubali kulipa mapema theluthi ya oda ya miezi sita, na iliyobaki ndani ya siku 30. Hoteli ya chini ya mlima ilikataa. Kikundi kiliendelea kuiuzia kwa masharti ya zamani, lakini sabuni ya kawaida, isiyo na jina la Kigoma kwenye karatasi.

Matokeo baada ya misimu miwili

Wakulima 26 walipokea malipo ya awali katika msimu wa kwanza wa utaratibu mpya. Wote isipokuwa wawili walileta mafuta. Mmoja alikuwa ameuguliwa na mke, mwingine hakutoa maelezo. Hasara iligawanywa kwa wanachama wote wa kikundi, na wa kwanza alipewa nafasi tena mwaka uliofuata. Wengi hawakuuza hata mkungu mmoja mtini, ingawa wachache waliuza nusu, kwa kuwa kiasi walichopewa hakikutosha mahitaji yao.

Mafuta yamekuwa makavu. Moshi wamejifunza kupima kabla ya kupokea: kijiko kimoja kwenye sufuria juu ya moto mdogo, yakiwa na maji hupasuka na kurukaruka, yakiwa safi hutulia. Kipimo hicho hicho kinafanyika kijijini, mbele ya mkamuaji, ili asiambiwe habari ya dumu lake na mtu aliye mbali.

Jiko linafanya kazi. Kuni hazijaisha kabisa, kwa sababu makapi mabichi hayawaki vizuri wakati wa mvua, lakini wanawake wanasema wananunua chache mno kuliko zamani. Shimo la maji machafu halijafaulu. Mvua kubwa ya kwanza ililifurisha na uchafu ukaingia kijitoni kama kawaida. Limepanuliwa, na bado sina imani nalo.

Kwenye mteremko, nusu imeachwa na miombo inachipua kutoka kwenye visiki, kama ifanyavyo ikipumzishwa. Nusu nyingine ina mihogo.

Uchambuzi

Nyongeza ya bei humfuata mwenye mafuta siku ya kuuza. Hili ndilo ningependa kila mnunuzi alielewe kabla hajaandika neno haki kwenye karatasi ya bidhaa yake. Palipo na biashara ya kuuza mtini, kupandisha bei ya mwisho bila kugusa ukata wa Januari ni kumtajirisha mkopeshaji na kumpa sababu ya kukopesha zaidi. Malipo ya awali yalifaa kwa sababu yalifika mkononi mwa mtu mmoja mmoja na kwa wakati wake, na kwa sababu bei haikufungwa siku ya shida. Ukiondoa sharti hilo la bei, unabaki na mkopeshaji mpya aliyetoka Moshi.

Lakini utaratibu huu umesimama juu ya hoteli moja. Afisa manunuzi yule akihamishwa, au utalii ukishuka kama ulivyoshuka 2020, fedha ya Januari haitakuwapo. Kikundi hakina akiba ya kuubeba msimu hata mmoja peke yake, na hili ndilo udhaifu mkubwa kuliko yote niliyoyataja.

Sharti la mashamba ya zamani limeleta swali ambalo halijajibiwa. Mkulima anayetaka tenera afanye nini? Akiikata dura yake anakaa miaka mitatu au zaidi bila mavuno. Ushauri wa kupanda tenera katikati ya dura na kuziondoa za zamani kidogo kidogo ni mzuri, na wachache wameanza, lakini unahitaji nafasi na uvumilivu, na mwenye nusu ekari hana vyote viwili. Kwake yeye mteremko wa miombo utaendelea kuonekana kuwa njia rahisi. Kikundi kinachonunua madumu machache hakiwezi kulimaliza hilo. Mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kijiji, ukisimamiwa kweli, unaweza, na ndiyo maana uamuzi wa kumshirikisha mjumbe wa serikali ya kijiji katika kupima mashamba ulikuwa bora kuliko kupima kimyakimya na simu.

Kwenye karatasi ya sabuni, kikundi kilikataa kuandika "endelevu" wala "rafiki wa mazingira". Kimeandika mkoa, na kwamba mafuta yametoka mashamba yaliyokuwapo kabla ya 2021. Hoteli ilitaka maneno makubwa zaidi. Katibu alijibu kwamba shimo la maji bado linafurika, na maneno yakabaki yalivyo.

Suala lililo mezani sasa ni mashine. Umoja wa kijiji unataka kuleta ya injini, itakayokamua kwa saa chache kazi ya siku mbili na kutoa mafuta mengi kutoka chikichi zile zile. Kwa mkulima na kwa msitu ni habari njema. Kwa wanawake wanaokamua, ni kupoteza ujira, na pamoja nao kokwa. Wao hawakuwa kwenye kikao kilichopitisha makubaliano ya kwanza wala ya pili, na hilo lilikuwa pengo tangu mwanzo. Rasimu ya msimu ujao, ambayo kikundi cha Moshi kimeituma kijijini, inaomba mambo mawili kabla ya malipo ya Januari: wakamuaji wawe na wajumbe wao kwenye kamati ya mashine, na kokwa zote ziendelee kuwa mali yao, hata kama injini ndiyo iliyokamua. Umoja umekubali la kwanza. La pili bado wanalijadili.